Safari ya Watu Sita Kwenye Meza ya Kukatia

Mtaa mzima ulimwita Futi, na jina lake la kwenye cheti lilibaki kwenye cheti. Mwanamke huyu alikuwa fundi cherehani kwa miaka ishirini na miwili. Chumba chake cha kazi kilikuwa mbele ya nyumba ya mama yake: dirisha moja linalotazama barabara, meza ya kukatia ndefu kama ya mkutano wa mabosi, cherehani mbili, na pasi ambayo ikiwashwa taa za sebuleni zinafifia kwa heshima. Alikuwa na tabia moja iliyowachosha wote waliompenda. Hakuamini jambo lolote ambalo hajalipima. Ukimwambia una haraka, anakuuliza haraka ya dakika ngapi. Mchumba mmoja, Mungu ampe maisha marefu huko alikokimbilia, aliwahi kumwambia anampenda kupita kiasi, akaulizwa kiasi chenyewe ni kipi. Hakurudi hata kuchukua suruali yake aliyoleta kupunguzwa.

Lakini nguo zake zilikaa. Hilo hata wabaya wake walilikubali. Mwanamke mwenye bega moja juu na jingine chini aliingia pale amejikunja, akatoka amenyooka kama aliyepandishwa cheo. Bega lilikuwa lile lile. Ni blauzi tu iliyoijua siri na kuitunza.

Mama yake alikuwa na miaka sabini na sita, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimaliza mbele ya ubao wa simu, enzi zile ambapo kupiga simu ng'ambo kulihitaji mtu wa kukuunganisha. Laini yake ilikuwa ya jiji moja kubwa nje ya nchi. Kutwa nzima alikuwa akisema "subiri, nakuunganisha", halafu wengine wakaongea na jiji lile, yeye akabaki na waya mkononi. Alijua kule mvua inanyesha miezi gani, maana watu wa kule hawajui kuanza maongezi bila mvua. Alijua wanakula saa ngapi na wanagombana saa ngapi. Sebuleni kwake kulikuwa na saa mbili ukutani, moja ya hapa na moja ya kule, na ile ya kule ndiyo haikuwahi kukosa betri. Kuliona jiji lenyewe, hakuwahi kuona hata kona ya mtaa.

Kwa hiyo siku mtoto wake wa kwanza, kaka yake Futi, alipotangaza kwamba likizo ya mwaka ule familia nzima ingekwenda kwenye jiji lile lile, mama hakupiga hata kigelegele. Aliingia chumbani, akatoka na pasipoti aliyoitengeneza kimya kimya bila kumwambia mtu. Kurasa zote nyeupe. Akaiweka mezani, akakaa.

Kaka alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa sauti kubwa na imani kubwa zaidi. Wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, alikuja na mkewe na binti zake wawili, akatandaza ratiba juu ya meza ya kukatia. Aliichapa kwenye kompyuta ya shule yake na ilifanana na mtihani: siku saba, kila siku mahali tisa, kila mahali dakika arobaini, katikati mishale myekundu.

Futi aliisoma mara mbili. "Choo kiko wapi?"

"Choo gani?"

"Watu sita, siku saba. Sijaona choo hata kimoja humu."

"Kwani choo ni kitu cha kupangiwa ratiba?"

"Muulize mwanao," alidakia wifi, mke wa kaka, nesi wa wodi ya watoto ambaye alizungumza kwa upole hata anapokuchoma sindano. Mwana mwenyewe, kitindamimba wa miaka minne, alikuwa chini ya meza akikusanya vipande vya kitambaa. Dada yake wa miaka kumi na saba alikuwa mlangoni na simu yake, kimwili yupo.

Kaka alikohoa. "Kuna jambo jingine. Mama."

Mama alikuwa kwenye kiti cha dirishani akifumua sketi kuukuu. Hakuinua kichwa.

"Kule watu wanatembea," kaka aliendelea. "Kila mahali ngazi. Treni yenyewe iko chini ya ardhi. Mimi nampenda Mama kuliko nyinyi wote..."

"Tumeanza," alisema wifi.

"...ndiyo maana nasema abaki. Atakaa kwa mama mdogo, tutampigia video kila tunapofika. Ataona kila kitu akiwa kwenye kochi."

"Miaka thelathini na mmoja nimewaunganisha watu na jiji lile," mama alisema, macho kwenye sketi. "Na mimi leo mnaniunganisha kwa simu?"

Hapo kila mtu alitafuta mahali pa kuangalia. Binti mkubwa alishusha simu, jambo lisilo la kawaida.

"Kaka," Futi aliuliza, "umempima?"

"Nimpime nini? Ana miaka sabini na sita."

"Hiyo ni tarehe ya kuzaliwa. Nakuuliza vipimo. Anatembea hatua ngapi kabla ya kukaa? Anapanda ngazi ngapi? Wewe mwenyewe unatembea ngapi na hicho kitambi?"

"Kitambi kimeingiaje hapa?"

"Kinakwenda na sisi. Nipe wiki moja. Nikipima nikaona safari haimkai Mama, mimi ndiye nitakayemwambia abaki, wala hutanisikia nikibishana tena."

"Mbele ya wote hawa unasema?"

"Mbele ya wote."

Mama akainua kichwa, akamtazama binti yake kwa muda mrefu, halafu akarudi kwenye sketi.

Wiki ile Futi aliwapima wote na kuwaandika kwenye daftari lake la wateja. Kaka: dakika kumi bila kulalamika, saa nzima akilalamika. Binti mkubwa: siku nzima, simu ikiwa na chaji. Kitindamimba: dakika ishirini na tano, kisha miguu "inaisha", choo kila saa na nusu. Mama alimpima kwenye korido ya nyumba, kutoka chumba cha kazi hadi mlango wa nyuma, hatua arobaini. Mama akaenda na kurudi, mkoba begani, shingo imenyooka kama askari wa gwaride. Aliipita korido nzima mara kumi na tano bila kusimama.

"Niendelee?"

"Inatosha, Mama. Inatosha kabisa."

Futi akaandika mia sita, na akaandika kwa tarakimu kubwa kuliko za wengine. Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa ambalo asingelifanya kwa mteja yeyote mwingine duniani.

Sasa, fundi anayejiheshimu hakati kitambaa na kukimbilia cherehani. Kwanza anapiga bandi, ile mishono mirefu ya mkono ya kushikiza kwa muda. Mteja anavaa, anageuka, anainua mikono, ndipo fundi anaona panapobana. Futi akaamua safari nayo ipigwe bandi. Alichukua siku ya kwanza ya ratiba ya kaka, akailaza juu ya mji wao wenyewe. Nyumba ya mama ikawa hoteli. Soko kuu likawa jumba la makumbusho. Kiwanja cha michezo kikawa bustani maarufu. Na jengo la ofisi za bima, lenye ghorofa nne na lifti iliyokufa siku nyingi, likawa kituo cha treni, kwa sababu binti mkubwa alisoma kwenye simu kwamba kituo cha karibu na hoteli yao kina ngazi tisini na sita, na jengo la bima lilikuwa na tisini na mbili.

"Nne zilizobaki tutapanda kwenye veranda," alisema Futi.

Jumamosi asubuhi watu sita walitoka nyumbani wakiburuta masanduku. Jirani mmoja aliuliza kama wanahama. Wa pili hakuuliza, alishika kifua na kuwapa pole. Kaka alivaa kofia mpaka kwenye nyusi, lakini wanafunzi wake watatu walipita na gari la mazoezi, wakapiga honi.

"Mwalimu! Gari limeharibika?"

"Angalia barabara, wewe!"

"Mwalimu unahama?"

"Nimesema angalia barabara!"

Futi alitembea nyuma ya wote akihesabu kwa midomo. Kwenye hatua ya mia na sitini mama alisimama mbele ya duka la vifaa vya ujenzi na kutazama mabomba. Aliyatazama sana. Hatua chache mbele akasimama tena, safari hii kwa duka la betri za magari, akauliza na bei. Mwanamke ambaye maisha yake yote hajamiliki hata baiskeli. Futi aliona. Aliona, na hesabu ya midomoni ikamtoroka, kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani.

Kwenye jengo la bima mlinzi aliwazuia. "Mnakwenda ofisi gani?"

"Hatuendi ofisi," alisema Futi. "Tunapanda ngazi tu, halafu tunashuka."

Mlinzi aliyatazama masanduku, akamtazama bibi, akamtazama mtoto. Akajiandikia kitu kwenye kitabu chake cha wageni, na hadi leo haijulikani aliandika nini.

Walifika ghorofa ya tatu. Pale mama aliligeuza sanduku lake, akalikalia, akasema anataka kuangalia mandhari. Mbele yake kulikuwa na ukuta wa rangi ya krimu.

"Mama," wifi alipiga magoti, sauti yake ile ya sindano, "hebu nione hilo goti."

"Goti gani? Ondoka hapo."

"Mama."

Wifi akainua pindo la gauni. Goti lilikuwa limevimba, limefungwa kwa kitambaa chekundu kilichozungushwa mara nyingi na kukazwa kwa pini. Futi alikitambua kitambaa kabla hajakitambua kidonda cha moyo wake: kilikuwa bitana ya kushonea ndani ya nguo, kutoka kwenye rafu yake mwenyewe, kimekatwa vizuri, pindo limekunjwa. Mama naye alijua mkasi.

"Tangu lini?" Futi aliuliza.

"Tangu uliponipima," alisema mama, sasa akiongea na ukuta. "Nilifunga, nikameza na vidonge viwili vya wifi yako. Wateja wako wote ukiwapima wanavuta tumbo. Mimi nivute nini? Nikavuta goti."

Hakuna aliyecheka wakati ule, ingawa baadaye familia nzima iliirudia kauli hiyo kwenye kila sherehe. Kaka alivua kofia. Hakuwa na furaha ya mshindi, na hilo lihesabiwe upande wake. Alisema kwa sauti ndogo ambayo watu hawakujua kama anayo: "Basi. Futi, ulisema mwenyewe."

Kweli alisema, mbele ya wote. Futi aliketi kwenye ngazi, daftari magotini. Kila siku ya Mungu mteja anaingia kwake, anavuta pumzi, anajifanya mwembamba, na Futi bila kusema neno anasubiri. Anampigia stori za mvua na watoto mpaka mwili usahau kujivunga, ndipo anapima. Kwa mama yake hakusubiri. Alipata namba aliyoitamani, akaikimbilia na kalamu.

"Nilisema nikipima," alisema hatimaye. "Sijapima. Nilichoandika humu ni bitana na vidonge."

"Unatafuta njia ya kutokea," alisema kaka.

"Nguo ikibana kwa sababu fundi kakosea vipimo, mteja anarudishwa nyumbani uchi? Ni kosa langu, Kaka. Usimlipize Mama." Akafuta ile mia sita, si kwa mstari mmoja, aliifuta mpaka karatasi ikatoboka. "Mama, nakuomba kitu kimoja. Wiki ijayo utembee bila kitambaa na bila kidonge. Na pale utakapochoka, useme. Ukinidanganya tena, sitakuwa na cha kukukatia."

"Nikisema ukweli, mtaniacha," alisema mama.

"Usiposema, utakwama kwenye ngazi za watu huko, na Kaka atakubeba mgongoni mbele ya wazungu na watalii, akilalamika kwa saa nzima. Unamjua."

Mama alimtazama mwanawe wa kwanza, kitambi na yote. "Ee Mungu, hapana," alisema, na ndipo wakaanza kumshusha, ngazi moja moja.

Asubuhi tatu mfululizo Futi alitembea na mama yake kandokando ya kiwanja cha michezo. Hakushika daftari. Waliongea juu ya wapigaji wa zamani: bwana aliyekuwa akimpigia mkewe kila Ijumaa na kusoma barua badala ya kuongea, mwanamke aliyelia dakika tatu nzima, akasema ahsante na kukata. Siku ya tatu, katikati ya habari ya bwana wa Ijumaa, mama akasimama. Hakutafuta duka wala mabomba.

"Hapa," alisema. "Hapa ndipo ninapochoka."

Ilikuwa hatua ya mia moja na arobaini. Alikaa dakika tisa. Kisha akaenda mia moja na kumi, akasema tena "hapa". Futi hakumsifu wala kumpa pole. Aliitikia kwa kichwa kama fundi anayesikia kiuno ni inchi arobaini na mbili: namba ni namba, tuendelee.

Sasa ndipo alipoonyesha kwa nini watu walivumilia maswali yake. Katika ukataji, kipande kikubwa ndicho kinacholazwa kwanza juu ya kitambaa. Mgongo kwanza, halafu mikono, halafu kola na mifuko inajipenyeza kwenye nafasi zilizobaki. Ukianza na mifuko, mgongo utakosa pa kulala. Kaka alikuwa ameanza na mifuko. Futi alitandaza karatasi ya kukatia mita tatu, akaigawa siku saba, akakata ukanda wa karatasi kwa kila mtu, urefu kulingana na nguvu zake. Wa mama akaulaza kwanza, katikati. Binti mkubwa akaitwa kutoka mlangoni na kuambiwa: tafuta benchi. Akadhani ni utani. Kwa siku mbili alipekua picha za mitaa ya jiji lile, benchi kwa benchi, lifti kwa lifti, vituo vyenye ngazi na visivyo na ngazi, na shangazi yake akichora kila benchi kwa chaki. Alipomaliza alikuwa analijua jiji lile kuliko somo lolote alilofundishwa shule.

Halafu ukatokea muujiza mdogo ambao wifi ndiye aliyeuona.

"Hebu subiri. Huu ukanda wa Mama na huu wa mwanangu, mbona sawa?"

Zilikuwa sawa kweli. Miaka minne na miaka sabini na sita walichoka muda ule ule, walihitaji choo muda ule ule, na walilala mchana saa ile ile. Futi akazibandika pamoja. Sehemu kubwa ya karatasi ikafunguka ghafla. Asubuhi wote pamoja, mahali pamoja, polepole. Mchana bibi na mjukuu wanalala hotelini na mtu mmoja kwa zamu, wengine wanaranda. Jioni wote tena, mahali palipo na benchi na watu wa kuwatazama. Siku mbili nzima kaka aliachiwa akimbie peke yake na mishale yake myekundu.

Kaka aliizunguka meza mara tatu akitafuta kosa. Alikuwa mtu wa mitihani, na alitafuta kwa bidii.

"Kuna vyoo vingi sana," alisema mwishoni.

"Kumi na vinne."

Akagusa ule ukanda wa katikati kwa kidole. "Mama aende," alisema. "Lakini useme ukweli, Mama. Kila siku. Sio kunitazamia mabomba."

"Na wewe upunguze kuongea," alisema mama.

Ofisi ya tiketi ilikuwa na kiyoyozi, viti vya plastiki na kijana mwenye tai aliyejaza fomu bila kutazama watu. Jina, pasipoti, tarehe. Alipofika kwa mama aliuliza, kalamu ikiwa hewani, "Abiria huyu atahitaji kiti cha magurudumu uwanja wa ndege?"

Kaka akatazama dari. Wifi akatazama viatu. Futi alifungua mdomo, akaufunga. Swali halikuwa lake kulijibu, na kwa mara moja katika maisha yake aliona kimya kinachukua muda gani bila kukihesabu.

Mama aliweka mkoba wake juu ya kaunta. "Nikitembea pale uwanjani nitafika hatua mia moja na arobaini," alimwambia yule kijana, taratibu, kwa sauti yake ya kazini, kila neno na mahali pake. "Baada ya hapo nitahitaji kiti. Andika ndiyo."

Kijana akaandika.

"Nitamsukuma mimi," alisema kaka. "Nina leseni."

"Utasukumaje mtu na wewe unafundisha watu kukata kona vile?" alisema mama. "Anisukume mjukuu wangu mkubwa."

Wote wakaanza kubishana kwa pamoja nani atasukuma, na kijana wa tiketi, aliyekuwa ameinua macho kwa mara ya kwanza asubuhi ile, akashindwa kujizuia kutabasamu. Futi alisogea mbele, akaegemea kaunta.

"Samahani, kaka'ngu. Hicho kiti, upana wa pale pa kukalia ni inchi ngapi?"

Kijana akacheka. "Dada, hilo swali hakuna mtu amewahi kuniuliza."

Futi hakucheka. Daftari lilikuwa wazi na kalamu iko tayari. Kijana alimtazama, akamtazama mama yake, akavuta simu ya mezani, akaanza kuwapigia wanaojua.